Redio za Opala na Masikio ya Tantine Béa

Mangobo, Kisangani, dukani, jioni

Masika,

Usicheke kupokea barua kutoka kwa mtu unayekula naye meza moja. Jana niliinuka nikaacha lituma yangu, ndizi zimepondwa vizuri, kwenye sahani, na mama yako ananiambia uliona nimekasirika. Sikukasirika. Nilikosa la kujibu, na unanijua, mimi nikikosa la kujibu ninasimama na kwenda kuangalia kama duka limefungwa. Leo nimeteremsha bati la mlango nusu ili watu wadhani nimefunga, na ninakuandikia juu ya gunia la maharage. Watu hawadhani kitu. Nimeshainuka kumpimia mmoja mchele, na mwingine nimemwambia sabuni imekwisha. Haijakwisha, nilitaka tu aende.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kunywa, ya kutokaa ukingoni mwa boti, baleinière ile, hata kama mbao zake ni mpya, mama yako ameyasema, na kesho bandarini atayasema tena mpaka injini imzidi sauti. Mimi hayo nayaacha. Nina jambo moja tu, na ni lile lile la jana.

Unaenda Opala kuanza kazi na kikosi cha dharura, na kitu cha kwanza wanachokungojea ni uamuzi wako: redio gani zinunuliwe kwa mitumbwi, zile pirogue za kubebea wagonjwa, kwa pikipiki, na kwa vituo vya afya kando ya mto Lomami. Umesema utatuma jibu kwa muuzaji ukiwa Isangi, kwa sababu ukishapinda kuingia Lomami simu inabaki kazi ya kuonyesha saa. Karatasi yenye picha za redio hizo imekaa juu ya friji siku hizi zote, na kila nikienda kunywa maji naisoma. Aina uliyoizungushia kalamu ni ile ya namba: mtu anachagua namba ya mwenzake, anabonyeza, na huyo mmoja tu ndiye anayesikia. Wengine wote kimya. Masika, naiogopa redio hiyo. Nimeandika neno hilo, nimelisoma tena, na ninaliacha hapo hapo.

Jana nilipokuuliza kwa nini ile, hukupandisha sauti. Afadhali ungepandisha.

“Papa, mugonjwa naye iko na haki ya siri yake,” ulisema. “Docteur wa Opala alinielezea. Kulikuwa mutoto mwanamuke, balitaja jina yake mu redio, na ugonjwa yake balitaja, soko nzima ikasikia. Akapona. Lakini haya ikamushinda, akakimbia kwabo Yahuma, hakurudia tena. Donc weye unataka bote basikie?”

Mama yako akaniangalia. Wewe ukaniangalia. Mimi nikaenda kuangalia mlango wa duka.

Nilikimbia kwa sababu swali lako si jipya kwangu. Niliwahi kulijibu, zamani, na nililijibu kama wewe.

Wewe foni uliikuta imeshakufa, unaijua kama kisanduku cha chuma chini ya magunia kwenye depo. Lakini wakati simu za mkononi zilikuwa hazijafika, foni ilikuwa ndiyo moyo wa duka hili. Redio kubwa, betri ya gari, waya mrefu juu ya paa. Nilikuwa nabonyeza hapa Mangobo na ndugu yangu anaitikia Butembo, tunapanga maharage, tunapanga sabuni, tunapanga lori. Shida moja tu. Kila mwenye foni kwenye chaneli ile alikuwa anasikia pamoja nasi. Nikitaja bei ya sabuni asubuhi, adhuhuri soko zima limeshajua nitauza kwa kiasi gani, na jirani yangu ameshashusha ya kwake kidogo chini yangu, ananisalimia kwa tabasamu.

Na kuliko wote alikuwako Tantine Béa, dada wa mama yako. Alikuwa anashika foni ya kituo cha afya Yanonge, na ungedhani aliajiriwa kusikiliza nyumba za watu. Siku moja nilimwambia ndugu yangu atume vitenge, pagne mbili nzuri za kumpa mama yangu mzazi. Kabla sijafika nyumbani kula, mama yako alikuwa anajua kwamba pagne ni mbili, anajua rangi, na anajua kwamba hakuna hata moja yake. Nilikula samaki wa chumvi, makayabu baridi, siku ile, na kesho yake pia. Tukikutana kwenye sikukuu, Béa alikuwa ananiuliza habari za mizigo yangu kabla ya habari za afya yangu. Nilimpenda, ni shemeji yangu, lakini masikio yale yalinichosha. Niliapa kwamba siku nikipata njia ya kuyaziba nitayaziba.

Subiri, kuna mtu anagonga bati.

Nimerudi. Alitaka kiberiti tu. Mawingu yamekaa vibaya upande wa bandari, nimetoka mara mbili kuyaangalia. Mama yako anakukaangia samaki wa njiani na harufu imefika mpaka huku, na mimi badala ya kuja kukaa na wewe niko hapa na kalamu. Ndivyo nilivyo, nisamehe kwa hilo.

Njia ya kuziba masikio ilikuja. Ulikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Wenye pirogue wa Yanonge, manesi na watu wa bandari ndogo ndogo walianzisha kikosi chao cha kuokoa watu mtoni, na mfadhili mmoja akawapa pesa za redio za mkononi. Nani achague? Wakanichagua mimi, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara na mama yako ni wa kwao. Nilijisikia mkubwa. Nikavaa miwani ambayo siihitaji, nikasoma karatasi kama yako, na nilipofika kwenye zile za namba nilisimama. Mtu mmoja anasikia, wengine hapana. Nilichokuwa nakifikiria ni bei ya sabuni, wala sikufikiria mto.

Fundi aliyekuja kuzipanga alikuwa mtu wa Bunia, mpole. Alikaa hapo hapo unapoona mizani.

“Papa, iko na bouton ya kuita bote pamoja,” akaniambia. “Niiache wazi?”

“Funga,” nikasema. “Makelele tumesikia ya kutosha.”

“Na kama matatizo inatokea?”

“Matatizo iko na namba yake. Ni ya infirmière.”

Akakifunga kitufe hicho. Nilimlipa nikamwongezea na chai. Siku ya kuzigawa kule Yanonge nilimpigia infirmière, nesi mkuu, mbele ya watu wote, redio yake ikaita, na zile nyingine zote mikononi mwa watu hazikutoa hata pumzi. Watu wakapiga makofi. Tantine Béa, ambaye nilimpa moja kwa heshima ya undugu, aliigeuza geuza yake akaiweka sikioni. Aliniuliza kama imeharibika. Nikacheka, nikamwambia hapana Tantine, imepona.

Kicheko hicho bado nakisikia.

Yaliyofuata unayajua, lakini uliyajua kwa masikio ya mtoto. Mchana mmoja upepo ulipiga mto ghafla na baleinière iliyotoka huku Kisangani ikapinduka chini kidogo ya Yanonge, nyuma ya kisiwa. Papa Likunde, mmoja wa wenye pirogue wetu, alikuwa karibu, na redio alikuwa nayo, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki shingoni kama nilivyowafundisha. Kwenye matanga alinihadithia, anaangalia chini.

“Naita infirmière, kimya. Naita tena, kimya. Nikasema pengine iko nasali. Nilikuwa najua nyuma ya kisiwa kuna nyumba ya Béa, na Béa iko na redio. Lakini namba ya Béa sikuijua. Nani alijua namba ya Béa? Béa hatukuwa tunamuita, Papa Masika. Béa alikuwa anasikia mwenyewe.”

Akaiacha redio, akaanza kuvuta watu kwa mikono yake, peke yake, mpaka pirogue ikakataa kubeba. Nesi alikuwa mazishini ng'ambo, na redio yake ilikuwa kituoni inajazwa umeme. Na nyuma ya kisiwa Béa alikuwa amekaa mbele ya nyumba anamenya karanga, redio iko karibu na mguu wake, taa ya kijani inawaka. Wavuvi chini ya nyumba yake walikuwa na zao, zinawaka. Hakuna aliyelala, hakuna aliyezembea. Wote walikuwa tayari kabisa kwa redio ambazo hazikuwaambia kitu. Mimi nilikuwa huku mjini, mbali na nguvu za redio zile, ninauza.

Sitaandika walikuwa wangapi. Ninamwandika Georgine, mtoto wa Tantine, kwa sababu alikuwa amelala kwetu usiku ule wa mwisho, na asubuhi alipanda baleinière ile na ndara zako za bluu bila kukuambia. Ukalia kwa sababu ya ndara, ukasema akirudi utamfinya. Jioni yake ndipo habari ikafika. Sijui kama unakumbuka kwamba ulinyamaza kabisa, hukulia tena kwa siku nyingi, na mama yako alikuwa anakubeba mgongoni, msichana mkubwa hivyo. Nadhani kazi hii uliichagua siku zile. Hujawahi kusema, na mimi sijauliza, lakini baba anaona.

Kwamba ni mimi niliyesema funga, nilisimama kwenye kikao nikalisema, na hakuna aliyeniinulia mkono. Walinipa kiti. Hilo la kiti lilinisumbua kuliko ningepigwa. Ila jambo moja hulijui, kwa sababu ulikuwa shuleni, nalo ni lile Tantine alilofanya baada ya matanga.

Alikuja hapa dukani. Alitoka Yanonge amevaa nguo zake za msiba, akasubiri wateja waishe, kisha akatoa redio kwenye kikapu akaiweka mbele yangu.

“Papa Masika, hii kitu haina kosa,” akasema. “Iliwaka mpaka jioni. Nilikuwa naiangalia.”

Nikafungua mdomo. Akaniinulia kiganja.

“Apana. Usiniombe kitu. Muite ule fundi afungule ile bouton. Miye sitaki redio ya kuniita. Miye nataka redio ya kusikia.”

Nilifunga duka nikapanda pikipiki kumtafuta yule mtu wa Bunia katika mji mzima. Nikampata kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Redio tulizikusanya moja moja, akazifungua moja moja, na Béa alikuwapo siku zote hizo, amekaa kwenye kiti changu, anakula mkate wangu na kulalamika juu ya bei ya sukari. Nilitamani anitukane. Mpaka leo hajanitukana. Nikienda Yanonge ananipa paja la kuku, na ninalila, Masika.

Tangu hapo makelele yamerudi, tena kwa haki yake. Kila asubuhi Béa anawasalimia wote, mmoja mmoja, anauliza mtoto wa huyu amepona homa, nyavu za yule zimekauka. Kikosi wamekubaliana: salamu asubuhi, kisha chaneli inaachwa wazi kwa dharura tu, mwenye soga aende kwa miguu. Na sikia hili. Baadaye kulikuwa na mama mjamzito kwenye pirogue, amepoteza damu nyingi, na mpiga kasia anaita kituo. Redio yake ilikuwa dhaifu, kituo hakikumsikia hata kidogo. Aliyemsikia ni Béa, katikati ya njia, ambaye hakuitwa na mtu. Akayachukua maneno yale akayarudia kwa nguvu upande wa kituo. Pirogue ilipofika, machela ilikuwa imeshashushwa mpaka kando ya maji. Mtoto yule anasoma sasa. Wangeniachia mimi na namba zangu, asingesoma.

Mvua imeanza. Nimekwenda kuhamisha magunia ya sukari, nimerudi, na nimesahau nilitaka kuandika nini.

Ndiyo, kununua. Mawimbi na masafa umesoma wewe, siwezi kukufundisha, lakini mimi nimekuwa upande wa muuzaji maisha yangu yote, na ninajua jinsi boksi linavyosema. Zile kilomita zilizoandikwa juu ya boksi zilipimwa mahali pasipo na mti hata mmoja. Msitu wa Lomami unakunywa sauti. Kwa hiyo usipende redio uliyoisikia ofisini. Mwambie muuzaji akuazime mbili, moja mpe mtu ashuke na pirogue mpaka apinde kona ya mto, injini inanguruma, na kama Mungu anakupenda mvua inanyesha. Ukimsikia hapo, nunua. Usipomsikia, usianze kwa kutafuta redio ya bei kali zaidi, tafuta mlingoti mrefu wa antena kwenye kituo. Watu wote wanapenda kununua kile cha kushika mkononi kwa sababu kinapigwa picha, na mlingoti hakuna anayepiga nao picha. Ni mlingoti unaoleta sauti.

Betri pia. Hapa dukani tuliwahi kuchukua redio nzuri sana ambazo betri zake zilipatikana Dubai tu. Moja ndiyo hiyo inayozuia mlango wa stoo usijifunge, umeipiga teke utotoni mwako wote. Chagua aina moja kwa watu wote, betri ya mwenye pikipiki iingie kwa mwenye pirogue bila maneno. Kisha chukua ile redio, lowesha mikono yako, ipake na mafuta ya mawese kidogo, funga macho, na ujaribu kuiwasha na kuongeza sauti. Muuzaji atakuona kichaa. Mwache. Likunde aliniambia kwamba kabla ya kubonyeza mara ya kwanza vidole vyake viliteleza, na mpaka leo anaona aliwapoteza watu kwenye kuteleza kule. Hakuwapoteza yeye, lakini nenda ukamwambie.

Naona ninazunguka, na wewe ukisoma utaona ninazunguka. Kuna yule msichana aliyekimbilia Yahuma.

Nimemfikiria leo kutwa. Nimemfikiria nikipima mchele, mpaka mteja akaniambia Papa unazidisha. Nilitaka kukuandikia kwamba yeye ni mmoja na waliokufa mtoni ni wengi, nikaona haya, kwa sababu hata mimi na pagne zangu mbili tu niliumia, na yeye walimtangazia mwili wake. Ulisema kweli na docteur wako amesema kweli. Masikio yanayookoa ndiyo hayo hayo yanayobeba maneno sokoni. Béa ni mmoja, hagawanyiki.

Ninachokiona, na unaweza kukitupa, ni kwamba yule msichana alitajwa jina. Pirogue haikuhitaji jina lake ili iende kumchukua. Ilihitaji bandari gani, mtu mzima au mtoto, anatokwa damu au anapumua vibaya, na nani wa kumbeba. Jina lingengoja mpaka mlango wa hospitali. Hapo docteur akitaka kumwuliza nesi mambo ya ndani, ile namba ya mtu mmoja itumike, ndiyo kazi yake nzuri. Lakini mtu akiiwasha redio kwa mara ya kwanza, na mikono imelowa, iwe tayari iko kwenye chaneli ya wote, bila kuchagua, bila kukumbuka. Redio ulizozungushia kalamu zinaweza kufanya yote mawili. Nimesoma mpaka maandishi madogo, kwa miwani ile ile, na sasa naihitaji kweli.

Na utalazimika kuwafundisha watu kusema hivyo, miezi na miezi, kwa sababu sisi huku mtu asipotaja jina la mgonjwa, la baba yake na la kijiji cha mama yake anaona hajasema kitu. Watasahau. Siku itafika ambapo mmoja atataja jina, na mtu ataumia, na utalaumiwa wewe uliyeiacha chaneli wazi. Sikufichi hilo. Ukifunga, utalaumiwa kwa lingine. Mimi lile lingine ninaliishi na ninajua linavyokaa kwenye nyumba, linavyoamka kabla yako, na sitaki likukute. Hilo ndilo lililoniinua mezani jana.

Ukiwa Isangi, fundi wa muuzaji atakuuliza swali lile lile: niache wazi, au nifunge? Hatajua anachokuuliza. Mimi pia nilidhani ananiuliza kitu kidogo. Utajibu utakavyoona, kazi ni yako, na kwa siku yoyote ya maisha yangu sitakuuliza ulijibu nini.

Jambo la mwisho, kisha nije kula, maana mama yako ametuma mtu mara ya pili.

Leo mchana ulisikia vishindo juu ya bati la nyumba, ukasema ni wale paka. Nilikuwa mimi. Nimetoa foni ya zamani kwenye depo, nimeifuta mavumbi, nimeazima betri ya gari kwa jirani, na waya nimeuvuta kutoka paa letu mpaka kwenye mwavokado wake. Mama yako alisimama chini ameshika kiuno.

“Papa Masika,” akaniambia, “uko natafuta kufa kabla mutoto aondoke?”

Sikumjibu, nilikuwa na misumari mdomoni. Nimeshuka, nimeiwasha, ikakoroma kidogo, na sauti ya kwanza kutoka humo, Masika, unaijua. Anawasalimia watu wa Isangi. Anauliza kama mihogo ya mtu fulani imeiva. Nimekaa nikamsikiliza tu, mimi niliyeapa kuyaziba masikio yale. Kisha nikabonyeza.

“Nani iko naingia?” akasema. “Papa Masika? Kumbe ungali hewani. À vous.”

Zamu ikawa yangu, nikamwambia unaondoka kesho, na kwa chombo gani.

“Najua,” akasema. “Nilisikia tangu juzi. Nitakaa pa inje.”

Alisema hivyo tu. Ni pale pale mbele ya nyumba, Masika. Ni kiti kile kile.

Kwa hiyo mkishapita Yanonge na kisiwa kikianza kuonekana, toka ndani, angalia mkono wa kushoto. Mpungie mkono kwa nguvu, simama kama unaweza, mama yako atakusamehe kwa hilo. Akuone umepita.

Redio zako ndogo za Opala hazitafika huku, hilo najua. Foni ya hospitali ndiyo itafika. Asubuhi yako ya kwanza wakifungua kwa salamu, omba wakuachie mara moja. Usiniite. Usitaje jina langu wala lako. Sema tu Opala, umefika, na uachie kitufe, usingoje jibu, chaneli ni ya watu. Mimi nitakuwa hapa juu ya gunia la maharage, duka limefungwa, na Tantine atakuwa kwenye foni yake, na katikati sijui nani na nani.

Tutakusikia wote.

Papa